Mdogo Wangu, Kama Unataka Kuacha Nyama

Wadogo zangu, barua zenu za siku hizi zinagusa jambo moja kutoka pembe tofauti. Mmoja ameacha kula nyama kwa sababu moyo wake umeikataa, na nyumbani wanamwona ana maringo. Mwingine anataka kuishi ndani ya mshahara wake, apunguze mavazi na sherehe, ila anaogopa kuitwa bahili. Yupo aliyejaribu yote mawili, akarudia alikotoka, na sasa anaona haya hata kulizungumza. Nimewasoma wote, na nimeona niwajibu kwa pamoja.

Kinachonisumbua ni maneno mnayoambiwa. Eti huo ni mtindo wa kwenye simu. Eti mtu mwenye uwezo wa kununua nyama hawezi kuikataa akiwa na akili zake timamu. Si kweli, na mnapaswa kujua kwamba si kweli. Watu waliokomaa kiakili wamekuwa wakiandika juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka elfu mbili, kwa Kigiriki, kwa Kilatini, kwa Kiarabu na kwa lugha za India. Tena waliandika wakiwa na shida zilezile mlizo nazo ninyi: baba asiyependa, mke asiyekubali, rafiki aliyerudi nyuma, mfuko usiojaa. Nimeishi na maandishi yao muda mrefu na ninayapenda, kwa hiyo mnivumilie leo nikichota kwao zaidi kuliko kwangu.

Nianze na fundi kofia. Thomas Tryon alizaliwa mwaka 1634 katika kijiji cha Bibury, Uingereza, kwa baba aliyekuwa akiezeka nyumba na kupiga lipu. Shule aliionja tu. Akiwa mdogo aliwekwa kusokota sufu, kisha akawa mchunga kondoo. Alikuwa na umri wa miaka 13 hivi alipoanza kujifunza kusoma kutoka kwa wachungaji wenzake, na alipotaka kujua kuandika alimlipa mwalimu wake kondoo mmoja. Baadaye aliuza kondoo wake, akaenda London, akajifunza kazi ya kutengeneza kofia. Mwaka 1657, akiwa kijana wa miaka 23, aliacha nyama na pombe. Alikula mkate na matunda, akanywa maji, na baadaye akajiruhusu siagi na jibini.

Mtu huyu aliyelipa kondoo ili ajue kuandika aliandika vitabu vingi hadi kifo chake mwaka 1703. Kinachojulikana zaidi ni kile cha mwaka 1683 kuhusu njia ya afya, maisha marefu na furaha. Hakuandika kama mtu anayehutubia wafalme. Alishughulika na jikoni na chumba cha kulala: namna ya kuchemsha mboga, maji safi, hewa, vitanda. Mwaka 1682 alikwisha kutoa kitabu kuhusu usafi wa vyakula na vyumba, ndani yake akaeleza hata kunguni wanatokana na nini na jinsi ya kuwaondoa. Naheshimu sana mwandishi anayefikiria roho ya binadamu na godoro lake kwa wakati mmoja.

Lakini sababu kubwa ya kumwamini ni nyingine. Tryon aliwahi kuishi Barbados kwa biashara yake ya kofia, na huko aliona watumwa wa Kiafrika wakifanyishwa kazi kwenye mashamba ya miwa. Mwaka 1684 alichapisha kitabu cha kuwakemea wenye mashamba, na sehemu ya kitabu hicho akaiandika kama malalamiko ya watumwa wenyewe. Kuna kazi yake nyingine ambamo ndege ndio wanaolalamika juu ya wanavyotendewa na binadamu. Kwake mambo haya hayakuwa mbalimbali. Aliamini kwamba mkono uliozoea ukatili kwa kiumbe kisicho na msemaji hautachelewa kumgeukia mtu. Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiacha nyama kwa kumhurumia ng'ombe halafu ukamtukana msichana anayekusaidia kazi za nyumbani, Tryon hayuko upande wako, na mimi pia siko.

Na hili liwafikie hasa mlioolewa na mliooa. Mwaka 1661 Tryon alimwoa Susannah. Alijaribu kumshawishi afuate mlo wake, akashindwa, na hakulificha jambo hilo katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa mwaka 1705. Mtu aliyewashawishi wasomaji wa mbali hakuweza kumgeuza mkewe, na ndoa ikaendelea. Mnaponiuliza, "Dada, nimfanyeje mume wangu aache nyama?" jibu langu ni kwamba usimfanye chochote. Mpikie au mpikiane kama mlivyozoea, wewe ule chako.

Mmoja wa walioguswa na kitabu cha Tryon alikuwa kijana wa Boston, huko Marekani ya kikoloni. Ni Benjamin Franklin, yule aliyekuja kuwa mwanasayansi na mwanasiasa mkubwa. Wakati huo, mwaka 1722 hivi, alikuwa na miaka 16 tu, akijifunza uchapaji kwa kaka yake James. Kaka yake hakuwa ameoa, kwa hiyo yeye na vijana wake wa kazi walilipiwa chakula kwenye nyumba ya familia nyingine. Franklin alipokataa nyama akawa kero pale mezani, na alikaripiwa mara kwa mara kwa kujifanya tofauti.

Sasa sikilizeni alivyolimaliza tatizo hilo, maana hapa ndipo penye shule. Hakubishana. Alijifunza kupika: kuchemsha viazi, kupika wali, kusonga uji mzito. Kisha akamwendea kaka yake na pendekezo: nipe nusu tu ya fedha unazolipa kila wiki kwa ajili ya chakula changu, nitajilisha mwenyewe. Kaka akakubali mara moja, kwani naye alipata nafuu. Franklin akagundua kwamba katika nusu ile aliweza kuweka akiba nusu nyingine, na akiba hiyo yote aliimaliza kwenye vitabu. Faida ya pili ilikuwa muda. Wenzake walipotoka kwenda kula, yeye alibaki kwenye chumba cha mitambo na kipande cha mkate, konzi ya zabibu kavu na glasi ya maji, akamaliza upesi, akasoma hadi waliporudi. Ndipo alipojifunza hesabu, somo lililokuwa limemshinda shuleni mara mbili.

Msichana uliyeniandikia kwamba mshahara wako unakwisha kabla ya tarehe 20, rudia kusoma aya hiyo. Sikushauri ufe njaa. Nakushauri ujue unalipia nini. Chipsi kuku za jioni, soda na usafiri wa kwenda kuzifuata, zipigie hesabu ya mwezi mzima kwenye karatasi, kisha zilinganishe na kilo chache za maharage, choroko na mchele. Tofauti utakayoiona ni ada ya kozi, au mtaji mdogo, au kodi ya chumba iliyolipwa kwa wakati. Kuishi kwa kiasi kuna heshima pale ambapo akiba ina jina. Akiba isiyo na jina italiwa tu, hata kama ni ya maharage.

Na nisiwafiche: Franklin hakuendelea hivyo moja kwa moja. Mwaka 1723 alitoroka Boston kwa meli, upepo ukatulia karibu na Block Island, na abiria wakaanza kuvua chewa. Samaki wakakaangwa. Franklin alikuwa akiona kuvua samaki ni kuua bila sababu, lakini harufu ilimzidi. Alikumbuka kwamba samaki wale walipopasuliwa, matumboni mwao mlikuwa na samaki wadogo, akajiambia kwamba kama ninyi mnalana, mbona mimi nisiwale? Akala. Baada ya hapo alikula kama watu wengine, akirudia mboga mara mojamoja. Aliandika mwenyewe kwamba akili ina wepesi mkubwa wa kutafuta sababu ya lile ambalo moyo umekwisha kulitaka. Hakuna aliyemshinda kwa hoja. Alishindwa na kikaango. Wewe uliyerudia nyama kwenye harusi ya binamu yako, hujafanya jambo la ajabu.

Kuna aliyeandikiwa kitabu kizima kwa sababu kama yako. Porphyry, mzaliwa wa Tiro iliyoko Lebanoni ya leo, alikuwa mwanafunzi wa mwanafalsafa Plotinus kule Roma katika karne ya 3. Plotinus mwenyewe alikuwa hali nyama, na hata alipougua alikataa dawa zilizochanganywa na viungo vya wanyama. Katika kundi la marafiki wake alikuwepo Firmus Castricius. Naye aliishi bila nyama muda mrefu, kisha akairudia. Habari zikamfikia Porphyry, akachukua kalamu. Kilichotoka ni vitabu vinne juu ya kujizuia na vyenye uhai, na vyote vimeandikwa kwa rafiki huyo mmoja.

Ninachowaomba mkione ni namna alivyoandika. Porphyry hakumtangazia Firmus aibu sokoni. Alianza kwa kuzipanga hoja zote za wapinzani, tena kwa haki: kwamba wanyama wametengenezwa kwa ajili yetu, kwamba wakiachwa watajaa dunia, kwamba nyama inaongeza nguvu. Kisha akazijibu moja moja. Akaeleza habari za sadaka za kale, akatetea kwamba wanyama nao wana namna ya kufikiri, na katika kitabu cha nne akawatembeza wasomaji kwa makuhani wa Misri, Waesene wa Wayahudi na Wabrahmani wa India. Huo ndio utu wa rafiki: kukupa sababu, akakuachia uamuzi.

Tena aliweka wazi, mapema kabisa, kwamba ushauri wake si wa kila mtu. Hakuwaandikia wanajeshi, wanamichezo, mabaharia wala watu wanaoishi kwa kazi ngumu na mashauri ya mjini. Aliwaandikia wale waliokaa wakajiuliza wao ni nani na wanatoka wapi. Mimi nalipenda sana neno hilo la mipaka. Leo mtu akiacha nyama wiki moja anataka mtaa mzima uache. Kijana anayebeba mizigo bandarini kutwa nzima, au mama anayelima kwa jembe la mkono, hana haja ya kusomewa sheria na mtu anayeshinda amekaa ofisini.

Swali la baba. Wengi wenu mko nyumbani kwa wazazi, na mzazi amesema hapana. Seneca, aliyezaliwa Córdoba na kukulia Roma, alikutana na hilo. Katika barua moja kwa rafiki yake Lucilius, akiwa mzee, alikumbuka jinsi mwalimu wake Sotion alivyomshawishi kuacha nyama alipokuwa kijana. Aliacha kwa mwaka mzima, na anasema kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa rahisi, hata raha, na alihisi akili yake imechangamka. Lakini siku zile za Kaisari Tiberius dini za kigeni zilikuwa zikisakwa, na kukataa nyama fulani kulihesabiwa kuwa dalili. Baba yake akamwomba aache. Akatii, akarudia mlo wa nyumbani.

Sioni kama Seneca alikuwa mwoga hapo. Alikuwa mtoto wa mtu, na nyumba ilikuwa na hofu yake. Alichobaki nacho ni kiasi: katika barua nyingine anamshauri Lucilius atenge siku kadhaa za kula chakula duni kabisa na kuvaa nguo za kukwaruza, ili aone kama umaskini anaouogopa unastahili hofu hiyo. Wapo wanaomlaumu Seneca kwa kuwa alikuwa tajiri mkubwa akiandika hayo, na lawama hiyo ina haki. Bado ushauri wenyewe ni mzuri. Usipoweza kuacha nyama nyumbani kwa baba yako, unaweza kula kidogo, unaweza kutojaza sahani, unaweza kukataa ugomvi. Siku utakapokuwa na jiko lako, utaamua.

Sasa nije kwa ninayempenda kuliko wote. Abul Ala al-Maarri alizaliwa mwaka 973 katika mji wa Maarrat al-Numan, Shamu. Ndui ilimpofusha akiwa na miaka minne hivi. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, akawa mshairi mkubwa wa Kiarabu, akaenda Baghdad kutafuta nafasi yake kati ya wasomi, hakukaa sana, akarudi kwao na kujifungia nyumbani hadi kifo chake mwaka 1057. Alijiita mfungwa wa magereza mawili, upofu na nyumba yake, lakini wanafunzi walisafiri kumfuata humohumo. Na katika miaka hiyo yote hakula nyama, wala samaki, wala mayai, wala maziwa, wala asali. Katika mashairi yake aliandika kwamba maziwa ni ya ndama na asali ni ya nyuki walioihangaikia.

Jambo hilo liliwasumbua watu wa zamani zake, na mnaweza kuelewa sababu, kwani Mungu amehalalisha nyama na hakuna mja mwenye haki ya kuiharamisha. Mwanachuoni mkubwa wa dola ya Fatimiya ya Misri, al-Muayyad fi al-Din al-Shirazi, alimwandikia kumtaka aeleze. Wakabadilishana barua, na barua hizo zipo hadi leo. Katika majibu yake al-Maarri hakumhukumu mlaji yeyote. Alisema habari za huruma kwa viumbe, kisha akasema jambo la mfukoni: kipato chake kwa mwaka ni dinari ishirini na kitu, mtumishi wake huchukua sehemu yake, na kinachobaki kinamtosha kwa dengu na kunde. Alipotakiwa akubali msaada wa chakula kizuri zaidi, alikataa kwa adabu.

Wadogo zangu wenye haya ya umaskini, mtazameni mtu huyo. Hakuuficha ukata wake na hakuubembeleza. Aliutaja kwa tarakimu mbele ya mkubwa, akaendelea kula dengu zake na kusomesha. Ukialikwa mahali penye gharama usizoziweza, sema tu, "Bajeti yangu haifiki huko mwezi huu." Sentensi hiyo haijamuua mtu, na atakayekuacha kwa ajili yake alikuwa anapenda mkoba wako.

Mtaniuliza: tuanzeje? Polepole. Mfalme Ashoka wa India, karne ya 3 kabla ya Kristo, alichonga amri zake kwenye miamba, mojawapo ikiwa Girnar huko Gujarat. Anasema zamani maelfu kwa maelfu ya wanyama walichinjwa kila siku kwa ajili ya jiko la mfalme, na sasa wamebaki watatu, tausi wawili na paa mmoja, tena paa si kila siku, na baadaye hata hao hawatachinjwa. Mfalme mwenye nguvu zote alikiri mbele ya watu wake kwamba hajafika. Nawe unaweza kusema nimebakisha samaki wa Ijumaa.

Ila msikimbilie upande wa Roger Crab. Huyu alikuwa Mwingereza wa enzi za Tryon, naye aliwahi kuwa fundi kofia. Aligawa mali yake, akawa mtawa wa peke yake, akaandika kitabu mwaka 1655 akijisifia kuishi kwa majani ya porini na mizizi. Nia yake siidharau, lakini mlo wake siwashauri hata kidogo.

Hapo lazima niongee kama dada anayetaka kuwaona mkiwa na damu ya kutosha. Waandishi wote niliowataja hawakujua vitamini. Sisi tunajua. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Ukila mayai na maziwa utaipata, ukiviacha hivyo navyo unahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa virutubisho, na si jambo la kubahatisha, kwani upungufu wake huharibu mishipa ya fahamu. Madini ya chuma yamo kwenye maharage, kunde, dengu na mboga za majani, ila mwili huyachukua vizuri zaidi ukila pamoja na limau, chungwa au nyanya, na chai ya majani inayonywewa na chakula huyazuia. Chai isubiri saa moja. Mboga pekee na ugali si mlo kamili: weka mbaazi, choroko, karanga, mbegu za maboga, kisamvu cha nazi na karanga. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye upungufu wa damu au sikoseli, nenda kliniki kwanza uongee na mtaalamu wa lishe. Na mtoto mdogo msimwachishe mayai na maziwa kwa sababu mama yake amesoma makala yangu.

Neno la mwisho ni kwenu wazazi na kaka wakubwa mnaosoma kona hii. Kijana akikataa nyama, msimcheke mbele ya wageni, wala msimfiche vipande vya nyama kwenye mchuzi ili muone kama atagundua. Muulizeni sababu, msikilizeni hadi amalize, mpeni zamu ya kupika. Na siku yake ikifika, kaeni nyote mle alichopika.